Kuponi za Kemisti: Hivi Ndivyo Unaweza Kuokoa Doo ya Dawa Hata Ka Uko Kapsokwony

Ushawahi kucheki zile video za Wamarekani wakitoka duka la dawa na risiti ndefu kuliko leso? Duka lenyewe linaitwa CVS. Unanunua dawa ya meno na sabuni, mashine inatema karatasi mpaka unadhani imeharibika, na sehemu kubwa ya hiyo karatasi ni kuponi za kukurudisha wiki ijayo. Kadi yao ya pointi inaitwa ExtraCare na watu wamefanya kukusanya kuponi kuwa ka kazi ya pili.

Sasa wewe uko Kapsokwony. Kemisti unayoijua imebanwa katikati ya M-Pesa na kinyozi, risiti ni ya kuandikwa kwa kalamu ukiomba, na punguzo ni ile "daktari nitolee mbao hapo, sina." Ukisoma makala za mtandaoni za "okoa pesa kwa dawa" unaona ni ka zimeandikiwa watu wa sayari ingine.

Lakini manze usitoke bado. Kuna pointi ziko kwa simu yako saa hii na huzitumii. Kuna vocha za dawa zilishawahi kutolewa hapa hapa kwetu, Bungoma na Trans Nzoia, na watafiti wakahesabu zilifanya nini. Na kuna punguzo kubwa kuliko zote mbili ambalo halina kadi wala karatasi. Tuanze na ile ndogo.

PIGA *126# KWANZA

Kadi ya pointi yenye karibu kila msee wa mlima huu yuko nayo ni Bonga ya Safaricom. Ilianza 2007. Kila ukitumia bob 10 ya kredo unapewa pointi moja, na wengi wetu tunaisahau hapo mpaka siku ya kukopa dakika. Ile kitu watu hawajui ni kwamba tangu Aprili 2020, wakati Korona ilikuwa imetukalia, Safaricom ilifungua Bonga ilipe bidhaa kwa maduka yenye namba ya till ya Lipa na M-Pesa. Kemisti ni duka. Ka daktari wako ako na till ukutani, muulize, halafu piga *126# ufuate menyu.

Ukweli ni huu: pointi moja ni senti, si shilingi. Ukitumia kredo ya finje kila siku mwaka mzima, unakusanya pointi 1,825. Geuza hizo kuwa pesa na hutajenga nyumba, lakini pakiti ya ORS na strip ya parasetamol inatoka. Na kabla hujabonyeza kukubali, angalia menyu inakupea shilingi ngapi kwa hizo pointi, juu thamani yake inategemea unazigeuza kuwa nini.

Kitu kingine kuhusu pointi, na hapa wasee wakubwa wa Nairobi watanielewa. Unakumbuka Smart Card ya Nakumatt? Watu walikuwa wanaziweka kwa waleti ka kitambulisho, wanangoja Krismasi. Nakumatt ikaanguka na zile pointi zikabaki hadithi. Pointi ni deni duka liko nalo kwako, na hulipwi riba. Ukiwa nazo, tumia.

Halafu kuna swali la kwenda tao. Kuna msee ataambia mamake ateremke mpaka Kitale au Bungoma juu kemisti ya huko iko na kadi na punguzo la asilimia 5. Piga hesabu na mimi. Dawa ya bob 800, asilimia 5 ni bob 40. Hiyo 40 haikufikishi hata Kimilili, na bado hujarudi. Kadi ya tao inakusaidia tu ka ulikuwa unaenda tao kwa sababu ingine, ama ka unanunua dawa ya miezi mitatu kwa mpigo.

VOCHA ZA WEBUYE NA KIMININI

Hii stori ndiyo ilinifanya niandike hii makala, na sijui mbona haiongelewi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Duke kule Marekani walikuja na wazo rahisi hivi. Mtu akishikwa na homa kijijini, mara nyingi haendi hospitali. Anaenda kemisti, anasema "nipee ya malaria", analipa, anarudi kulala. Hakuna kipimo. Sasa je, ka unampea mhudumu wa afya wa kijiji kipimo cha malaria, kile cha tone la damu kidoleni, apime bure nyumbani, na yule atakayepatikana na malaria apewe vocha ya kununua dawa nzuri ya malaria kwa bei ya chini kwa kemisti ya karibu?

Walifanya hivyo kwa maeneo 32 ya Bungoma Mashariki, yaani upande wa Webuye, na Kiminini kule Trans Nzoia. Nusu ya maeneo yalipata mpango, nusu yakaendelea kawaida ili kulinganisha. Matokeo yalichapishwa 2018 kwa jarida la PLoS Medicine.

Watu 32,404 walipimwa. Vocha zilizotolewa zilikuwa 10,870.

Soma hizo namba mbili tena polepole. Vocha ilikuwa ya wenye wamepatikana na malaria. Kwa hesabu ya haraka ni kama mmoja kwa kila watatu. Hao wengine wawili walikuwa na homa kweli, mwili unauma kweli, lakini kipimo hakikuonyesha malaria. Bila kipimo, wengi wao wangeenda kemisti walipe pesa yote ya dawa ya malaria, wameze siku tatu, na kile kilikuwa kinawasumbua kiendelee tu. Kwa mtoto mwenye kichomi, hizo siku tatu si mchezo.

Baada ya miezi 18, kwa maeneo yenye vocha, wale waliotumia dawa ya malaria ipasavyo walipanda kutoka karibu asilimia 42 hadi karibu asilimia 60. Ukilinganisha na maeneo ambayo hayakuwa na mpango, walikuwa mbele kwa asilimia 40.

Kwa hivyo ile kuponi bora kuwahi kutolewa kwa kemisti za huku kwetu ilikuwa na sharti moja: pima kwanza. CVS wanakupea karatasi ununue zaidi. Hii ilikuwa inakupea karatasi ka kweli unahitaji, na ka huhitaji inakuachia doo yako mfukoni.

Na hata bila vocha, ile sehemu ya kwanza bado unaweza kuifanya. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 2010 kwamba kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya dawa. Kwetu huku juu mlimani baridi yenyewe inapunguza mbu, so homa ya Kapsokwony si lazima iwe sawa na homa ya Bungoma tao. Ka hujatoka mlimani wiki mbili zilizopita na umeshikwa na homa, uwezekano wa kitu kingine ni mkubwa. Ka ulikuwa Chwele ama Bungoma ukilala huko, mwambie daktari hivyo. Hiyo sentensi moja ni ya bure na inaweza kubadilisha dawa yote unayouziwa.

JANI LA KIJANI

Bado tuko kwa malaria. Ushawahi kuona pakiti ya dawa ya malaria yenye picha ya jani la kijani? Wengi wanadhani ni urembo. Hiyo ilikuwa alama ya mpango wa dunia uliofika Kenya 2010, unaitwa AMFm, ulioendeshwa na Global Fund. Walikuwa wanalipia sehemu kubwa ya bei ya dawa kule kiwandani, ili ikifika kemisti ya mwisho kabisa dozi ya mtu mzima iuzwe bob 40. Kabla ya hapo dawa hiyo hiyo ilikuwa ya mamia. Yaani ilikuwa kuponi iliyochapishwa kwa boksi, na mwenye kujua maana yake alilipa 40, mwenye hakujua alilipa chochote alichoambiwa.

Ule mpango umebadilika mara kadhaa tangu hapo, kwa hivyo usiende kemisti kupigia mtu kelele ati bei ni 40. Lakini ukiona jani kwa pakiti, uliza: "Daktari, hii yenye jani ni how much, na ile ingine?" Mara nyingi dawa ni ile ile, artemether na lumefantrine.

SASA ILE KUBWA: JINA LA DAWA

Kogo wangu ako na presha. Ka hujui kogo, ni nyanya, na ka uko na kogo mwenye presha unajua hiyo dawa haiishi. Kila mwezi, maisha yote. Mimi ndiye hutumwa kununua, juu niliacha chuo na niko nyumbani na simu, so kila mtu ananiona ka mtu wa kutumwa.

Kwa muda mrefu nilikuwa naenda na boksi tupu. Nafika kemisti, naonyesha boksi, napewa boksi ka hilo, nalipa jirongo na kitu. Siku moja ikakosekana. Daktari wa kemisti akageuza boksi, akanionyesha maandishi madogo chini ya lile jina kubwa. "Hii ni amlodipine tu. Niko na amlodipine ya kampuni ingine, miligramu zile zile tano." Soo mbili. Nilisimama hapo nikihesabu miezi.

Hivi ndivyo inafanya. Kampuni inayovumbua dawa inapewa haki ya kuiuza peke yake kwa miaka kadhaa, na inaipa jina lake la biashara. Hiyo haki ikiisha, kampuni zingine zinaruhusiwa kutengeneza dawa yenye kiambato kile kile na nguvu ile ile. Hizo ndizo jeneriki. Hazijalipia utafiti wa mwanzo wala matangazo makubwa, kwa hivyo bei inashuka. Norvasc ni amlodipine. Glucophage ya sukari ni metformin. Flagyl ni metronidazole. Brufen ni ibuprofen. Augmentin ni amoxicillin ikiongezwa clavulanic acid. Panadol, unajua, ni parasetamol.

Kwa hivyo ukienda kemisti usiende na jina kubwa la boksi. Nenda na yale maandishi madogo, nguvu yake kwa miligramu, na idadi ya tembe. Sema hivi, kwa heshima, juu kemisti ya mtaa ni ya kujuana:

"Daktari, naomba amlodipine ya miligramu tano, tembe thelathini. Iko ya kampuni ngapi, na ya bei ya chini ni gani?"

Hilo swali la "kampuni ngapi" ndilo la maana. Ukiuliza "iko?" unapewa ile iko karibu na mkono. Ukiuliza iko ya kampuni ngapi, anajua unajua.

Kuna dawa ambazo hubadilishi hivi hivi. Za kifafa, kwa mfano, ama ile ya kuzuia damu kuganda inaitwa warfarin: hapo kubadilisha kampuni kunataka daktari aliyekuandikia ajue. Na kupunguza bei si kubadilisha dawa. Ka umeandikiwa amlodipine na kemisti anasema "chukua hii ingine inafanya kazi sawa" na jina dogo ni tofauti, hiyo si jeneriki, hiyo ni dawa ingine. Rudi uulize.

Na jeneriki ya bei ya chini si ile ya msee wa mkoba kwa stendi. Kemisti halali inatakiwa kuwa na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu imebandikwa mahali unaiona. Ukiingia na huioni, ama jina liko la mtu mwenye hajawahi kuonekana hapo, chapa miguu.

KABLA HUJAFIKA KEMISTI

Dawa ya bei ya chini kabisa ni ile haujalipia. Tangu Oktoba 2024, SHA ilichukua mahali pa NHIF, na mambo yake yamepigiwa kelele nyingi, zingine za haki. Lakini kuna kipande kimoja watu wanachanganya. Kuna mchango wa kila mwezi, ule wa asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua bob 300, ambao ndio unakulipia kulazwa na mambo makubwa. Halafu kuna mfuko wa afya ya msingi, unaolipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya, yaani levo 2 na 3. Huo wa pili unachotaka kutoka kwako ni kujisajili tu. Ukiwa umesajiliwa, kuonwa na dawa za pale ni bure, hata ka hujalipa mchango. Kujisajili ni *147#.

Najua unachotaka kusema. "Nitafika zahanati niambiwe dawa hakuna, enda ununue nje." Inatokea, sana. Lakini hata hapo umeshinda kitu: umeonwa, umepimwa, na uko na karatasi. Omba waandike jina la dawa lenyewe, si la kampuni. Hiyo karatasi ni kuponi yako ya kemisti.

Ka umeandikiwa hospitali kubwa, uliza pia kama kuna duka la dawa la mzunguko hapo ndani. AMPATH, ule ushirikiano wa Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret na Chuo Kikuu cha Moi, ilianzisha maduka kama hayo kwa hospitali za serikali magharibi mwa Kenya. Dawa ya serikali ikiisha, unanunua pale kwa bei ndogo, na ile pesa inarudi kununua dawa zingine. Hayako kila hospitali, kwa hivyo uliza kabla hujatoka geti.

Na kwa wenye presha ka kogo: wale wahudumu wa afya wa jamii 100,000 waliopewa mikoba 2023 wako na mashine ya presha na ya sukari humo ndani. Kupima kwa kemisti unalipia. Kwa mhudumu wa kijiji chako ni bure, anakuja mpaka nyumbani, na pengine ni jirani yenyu unamuita mama fulani kila siku bila kujua ako na hiyo kazi.

MAHALI WATU WANADHANI WANAOKOA

Kununua nusu dozi. Hii ndiyo inaniuma, juu nimeifanya. Dawa ya malaria ya mtu mzima ni tembe 24: nne asubuhi, nne jioni, siku tatu. Msee ako na doo ya tembe 12, ananunua 12, siku ya pili anajiskia poa, anasema nimeokoa. Wiki ijayo ako chini tena na sasa analipa 24 nzima juu ya zile 12. Antibayotiki ni vile vile, na mbaya zaidi, juu wadudu waliobaki wanazoea dawa na siku ingine haikusaidii hata ukiwa na pesa. Ka doo haitoshi dozi nzima, mwambie daktari wa kemisti hivyo kabla hajakata strip. Ka anakujua, atakuandikia deni ya siku mbili. Hiyo ndiyo kadi ya uaminifu ya Kapsokwony, na Marekani hawana.

Dawa inayokaribia kuisha tarehe ni halali kupunguziwa bei, na kemisti wengine watakushukuru. Ila hesabu siku. Dawa ya siku tano ikibakisha mwezi, chukua. Tembe 90 za presha zikibakisha mwezi, umenunua 60 za kutupa.

Na multivitamini. Ukienda kununua dawa ya bob 150 utoke na multivitamini ya jirongo juu umeambiwa "inaongeza damu", hiyo siku hakuna pointi itakuokoa. Uliza nani alikuandikia.

Kwa sasa kogo ako na kipande cha kadibodi nilichokata kwa boksi la dawa, nimeandika majina madogo na miligramu kwa kalamu kubwa, anaweka kwa kile kimkoba cha shingo pamoja na kitambulisho. Juzi alienda kemisti peke yake, akaonyesha kadibodi, akauliza ya kampuni ngapi. Alirudi na chenji akaninyima.